Zimwi Likujualo

Mtumba iko mashariki ya Dodoma, kando ya barabara iendayo Morogoro, katika nchi ya Wagogo, nchi ya mibuyu na mashamba ya mtama. Mwezi Aprili 2019 Rais John Magufuli alizindua hapo Mji wa Serikali, na wizara zikajengewa ofisi zao. Mwezi huohuo, huko Japani, televisheni zilianza kuonyesha msimu wa kwanza wa Kimetsu no Yaiba, katuni iliyotengenezwa na studio ya ufotable kutokana na kazi ya mchoraji Koyoharu Gotouge. Mambo hayo mawili hayana udugu wowote. Yalikuja kukutana baadaye tu, katika nyumba ya kupanga ya mtumishi mmoja wa Serikali, mwanamke mzaliwa wa Unguja, aliyehamia Mtumba pamoja na wizara yake.

Mwanawe wa miaka 14 ndiye aliyeiingiza katuni hiyo nyumbani. Mama aliketi naye kwa sababu usiku wa Juni huko bara una baridi asiyoizoea mtu wa bahari, na ndani ya blanketi moja hapakuwa na kingine cha kufanya. Alidhani atasinzia. Hakusinzia.

Kisa chenyewe ni hiki. Tanjiro ni kijana muuza mkaa. Anashuka mlimani kwenye theluji kwenda kuuza, usiku unamkuta njiani, analala kwa mtu. Akirudi asubuhi anakuta jamaa zake wameuawa na zimwi. Amesalia Nezuko peke yake, naye amekwisha kugeuka zimwi. Kiswahili cha washairi kina neno kwa uhusiano wa wawili hao: umbu, yaani dada kwa kaka, na kaka kwa dada. Ni neno ambalo vijana wengi hawalijui tena, ilhali hakuna jingine litoshalo hapa, kwani msimu mzima wa sehemu 26 ni habari ya mtu aliyembeba umbu lake mgongoni, ndani ya sanduku, akikataa kumwita kwa jina la maradhi yake.

Yule mtumishi naye ana umbu. Alimwacha Unguja, mwembamba, mwenye mikono mirefu ya shati hata wakati wa joto. Unga ulimchukua akiwa na miaka 19. Mama yao, kila alipopigiwa simu, alijibu kwa methali na kicheko kikavu: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha, mwanangu. Televisheni ameiuza, redio ameniachia."

Wahenga walikuwa na maana yao. Methali hiyo imekaa upande wa mwenye kuliwa: humfariji kwamba ndugu akimdhuru hatammaliza. Katuni ya Kijapani, bila ya kuijua methali, imeihamishia upande wa zimwi. Inauliza: hilo likujualo, linaendeleaje kukujua? Ni nani alisaidiaye lisisahau?

Jibu la msimu huo si la miujiza mitupu. Nezuko hajizuii kwa mapenzi peke yake. Amefungwa kipande cha mwanzi kinywani ili asiume. Hulala badala ya kula watu. Tanjiro alipokuwa akijifunza upanga mlimani, yeye alilala miaka miwili. Mwalimu Urokodaki alimtia moyoni, akiwa usingizini, kwamba wanadamu wote ni jamaa zake. Tena ana wadhamini. Anaposhtakiwa mbele ya wakuu wa wapiga upanga, barua inasomwa: Nezuko akila mtu, Tanjiro, Urokodaki na Giyu watajitoa uhai. Mkuu mmoja hasadiki. Anajikata mkono, anaudondosha damu mbele ya yule binti mwenye njaa. Nezuko anatetemeka, kisha anageuza uso.

Yule mkuu si mpumbavu. Wengi wa waliokaa pale wamekwisha kuzika watu wao. Mama wa Unguja naye si mkatili anapofunga mlango kwa komeo usiku. Amekwisha kuibiwa na aliyemnyonyesha. Mlango ule una haki yake. Lakini barua ile nayo ina haki yake, na mtumishi wa Mtumba aliirudia sehemu hiyo mara tatu baada ya mtoto kulala. Kwa miaka yote alikuwa amemwombea umbu lake dua na kumtumia fedha. Jina lake mwenyewe hakuwahi kuliandika chini ya barua yoyote.

Zanzibar ilianza kutoa methadoni mwaka 2015. Dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Haiondoi uraibu kwa siku moja, bali huzuia maumivu ya kukosa unga, mtu apate kusimama na kukumbuka kwao. Ni mwanzi wa kinywani. Dodoma nako hutolewa, Itega. Mtumishi yule aliomba karatasi za uhamisho wa tiba, akaziandika namba yake ya simu, akavuka bahari kumfuata. Walirudi kwa boti, kisha kwa treni ya umeme, ambayo tangu 2024 hufika Dodoma. Njiani hawakusemezana sana. Vituo vya mbele vilipokaribia, kijana alisema tu, "Dada, usinifiche mkoba. Nimekuona."

Jioni ya wiki ya pili mtoto alianza katuni upya kwa ajili ya mjomba wake. Walifika pale ambapo zimwi lenye mikono mingi linakatwa kichwa. Likitoweka, linakumbuka kuwa lilikuwa mtoto aogopaye giza, aliyemwomba kaka yake amshike mkono. Tanjiro, aliyeliua, anaushika ule mkono mpaka unakuwa majivu. Mjomba aliondoka akaenda uani, akakaa huko kitambo kirefu. Hakuna aliyemfuata, wala mlango haukutiwa komeo.

Asubuhi alikwenda Itega kwa bajaji, kama jana yake. Mama alipiga simu kutoka Unguja. Hakuuliza hali ya kijana. Aliuliza kama televisheni ipo.

"Bado ipo, mama."

Upande wa pili palikuwa kimya. Kisha bibi yule, ambaye kwa muda mrefu hakuwa amelitaja jina la mwanawe, akalitaja.