Nikitangulia, Mwanangu Atalala Wapi?



Juma lililopita tuliitwa nyumbani kwa mjane mmoja, si mbali na Kayanga mjini. Tulidhani anataka nyumba ibarikiwe. Kumbe alikuwa na swali: “Padre, nikitangulia, mwanangu atalala wapi?”

Mwana huyo amepita miaka thelathini. Ana usonji, hali ambayo mtu huzaliwa nayo na ambayo huathiri namna anavyowasiliana na wenzake. Hasemi sana, lakini huchota maji kwa njia ile ile kila asubuhi, na hakuna aijuaye migomba ya kibanja chao kama yeye.

Ndugu zake walikwisha kuafikiana kumtunza kwa zamu: mwezi kwa huyu Bukoba, mwezi kwa yule Kyerwa. Nia yao ni njema. Lakini kwa mtu ambaye utaratibu wa kila siku ndio nguzo yake, siku atakapompoteza mama atapoteza pia kitanda, njia na kibanja. Huo ni msiba juu ya msiba.

Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 19 inawatambulia haki ya kuchagua, sawa na wengine, mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao. Basi tuliomba aulizwe mwenyewe. Hakujibu kwa maneno. Alituongoza hadi chumbani mwake, akaketi kitandani. Ndugu zake walinyamaza.

Kampala ziko nyumba za L'Arche, ambamo watu wenye ulemavu wa akili na wasio nao huishi pamoja kama familia. Ni mfano wa kujifunza, na pia wa kutuonya: mwaka 2020 L'Arche yenyewe ilitangaza kwamba mwanzilishi wake, Jean Vanier, aliwadhulumu wanawake kingono. Popote mnyonge anapokaa, pawe kwake au pa jumuiya, yahitajika macho ya wengi.

Kwa familia hii, jibu limo kibanjani. Kitinda mimba amekubali kujenga hapo hapo. Mama ataandika wosia mbele ya mashahidi, akitaja chumba cha mwanawe, sehemu yake ya shamba na jina la mwangalizi. Tena ataeleza mwanawe anakula nini, anaogopa nini, anatulizwa na nini. Na kuanzia sasa mdogo wake atalala hapo mara kwa mara, mama akiwa angali hai, ili siku ya msiba isiwe siku yao ya kwanza.

Wapo wanaoona kwamba kupanga hivyo ni kujitabiria kifo. Tukumbuke kwamba Kristo, akiwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, akapata nyumba ya kukaa. Kupanga si kukosa imani. Ni upendo unaotazama mbele.