Mlinzi Huandika Sababu

Mafundi wengi wa kompyuta ninaowafahamu, Bukoba mjini hata Muleba, wana dawa moja kwa kila seva inayogoma: zima ulinzi. Amri yenyewe ni fupi, setenforce 0, na huduma inaamka. Mteja anafurahi, fundi anachukua hela yake na kuwahi Hiace ya jioni. Mimi dawa hiyo naiogopa.

Kituo kimoja cha afya wilayani Muleba kiliniita baada ya mfumo wa kusajili wagonjwa kuhamishiwa seva mpya. "Waitu, mtandao umekataa tangu asubuhi," dada wa mapokezi aliniambia, daftari la zamani likiwa limefunguliwa tena mbele yake. Mtandao ulikuwa mzima. Seva ilikuwa inajibu, ila jibu lake lilikuwa 403: huruhusiwi. Nikakagua mafaili kwa ls -l. Mmiliki ndiye, ruhusa ya kusoma ipo. Hakuna kasoro, na mlango umefungwa.

SELinux, ulinzi ule ule unaozimwa kwa setenforce 0, ambao shirika la usalama la Marekani, NSA, liliutoa hadharani Desemba 2000, hautosheki na jina la mmiliki. Kila faili lina lebo, na kila huduma imepangiwa lebo inazoruhusiwa kugusa. Aliyehamisha mfumo aliyatoa mafaili kwenye folda yake binafsi kwa amri ya mv, na mv huhama na lebo ya zamani. Nilipoandika ls -Z ikajitokeza: user_home_t. Mtu wa Kagera hahitaji kuelezwa hili mara mbili. Tangu mnyauko wa migomba uingie mwaka 2006, mche unaweza kuwa wa kijani na wenye afya, na bado ukaulizwa umetoka kibanja cha nani.

Ninachokipenda kwa mlinzi huyu ni kwamba hukataa bila maelezo mlangoni, lakini huandika. Kwenye audit.log nilikuta mistari ya "avc: denied": nani ameomba, alitaka kusoma nini, ana lebo gani, kitu kile kina lebo gani. Amri ya restorecon ikarudisha lebo zinazotakiwa na ukurasa ukafunguka, ulinzi ukiwa kazini. Ndani ya seva ile mna majibu ya vipimo vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikutungwa kwa ajili ya benki peke yake.

Hata nje ya kompyuta, sisi wenyewe tukikataliwa hatusomi. SACCOS ikirudisha fomu ya mkopo, mtu anatafuta mjumbe wa bodi anayefahamiana naye, wakati kilichokwama ni muhuri wa mtendaji wa kijiji. Tunamtafuta wa kumzunguka mlinzi kabla ya kujua alichoandika.

Ila zipo kanuni zenye kasoro zenyewe. Kwenye seva, huduma ikisikiliza kwenye poti ambayo kanuni ya SELinux haikuitarajia, faili halina kosa. Hapo unaongeza poti hiyo moja kwa amri ya semanage, basi, huvunji uzio wote.

Muleba ilishatoa mfano wa kanuni yenye kasoro, mkubwa kuliko wa seva. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Ndugu yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo: kwa mila ya Kihaya, mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaipima kanuni ile kwa haki zilizomo kwenye Katiba, akaona inambagua mwanamke. Ardhi ya ukoo hakuifuta. Alisema mauzo ni halali, na ukoo ukilitaka shamba ulikomboe kwa kurudisha bei, shilingi 300,000, kama ambavyo ungefanya muuzaji angekuwa mwanamume.