Kapedo: Kambi Kando ya Mto wa Maji Moto

Watu wengi wa nchi za baridi wasikiapo jina la Turkana hudhani kwamba huko hapana kitu ila mchanga, jua na kiu. Lakini iko sehemu moja, mpakani mwa Turkana na Baringo, ambapo maji hububujika kutoka chini ya majabali usiku na mchana, kiangazi na masika, wala hayakauki. Nayo ni maji moto. Mahali hapo huitwa Kapedo.

Mtu atokaye Nakuru hushika njia ya kaskazini, akapita Marigat, akaliacha Ziwa Baringo upande wake wa kuume, akafika Loruk na baadaye Nginyang. Kutoka hapo joto huzidi kupanda. Miti huwa mifupi yenye miiba, na mawe meusi ya volkeno yametapakaa kila upande. Mbele yake huonekana mlima Silali, ambao si mrefu sana kwa kutazama, bali ni mpana mno. Juu yake pana shimo kubwa lipatalo maili 5 kwa maili 3, lililodidimia zamani za kale mlima ulipokuwa ukitapika moto. Kapedo iko chini ya mlima huo, upande wa magharibi.

Jioni moja walifika hapo wasafiri wanne: makarani wawili wa Nakuru, dereva wao, na mzee mmoja wa Kiturkana aliyekubali kuwa mwenyeji wao. Jambo la kwanza walilofanya ni kupiga ripoti kwa chifu na kwa polisi, wakaeleza majina yao, siku watakazokaa, na mahali watakapolala. Karani aliyekuwa mdogo aliona jambo hilo ni usumbufu mtupu. Alikuwa akitamani kufika mtoni.

Na mto wenyewe wastahili kutamaniwa. Maji hutoka katika chemchemi nyingi, moto wake ukiwa kama nyuzi 50 za sentigredi, hukusanyika, kisha huporomoka kutoka juu ya jabali lenye kimo cha futi 30 hivi. Mvuke hupanda hewani, na kando yake imesimama mikoma yenye mashina yaliyogawanyika panda mbili mbili. Maji hayo ndiyo yaupayo Mto Suguta uhai wake. Mto huo huelekea kaskazini ukipita katika bonde lililo miongoni mwa sehemu zenye joto kali kupita zote nchini Kenya, ukaishia katika Ziwa Logipi, ziwa la magadi lipendwalo na ndege waitwao heroe. Milima ya volkeno iliyokaa kama ukuta huyazuia maji hayo yasifike Ziwa Turkana. Hata samaki wamo katika Suguta: aina ya perege ambayo wataalamu waliipa jina la mto huo mwaka 1983.

Maji hayo yatoka wapi katika nchi kavu namna hiyo? Ziwa Baringo halina mto hata mmoja utokao ndani yake, na lau maji yake yangepungua kwa jua tu, yangalikwisha kuwa ya chumvi zamani. Lakini hayakuwa hivyo. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wameamini kwamba maji ya Baringo hupenya katika nyufa za ardhi, husafiri chini kwa chini kuelekea kaskazini, hupashwa moto na mawe ya huko, kisha hutokeza Kapedo. Moto huo si hadithi. Katika mlima Paka, ulio kusini mwa Silali, shirika la Serikali lilichimba kisima likapata mvuke mwaka 2019, mvuke ambao waweza kuzalisha umeme.

Wasafiri walipotaka kupiga hema, yule karani mdogo alichagua mchanga laini wa korongo moja kavu lililoingia mtoni. Mzee akakataa. Akamwambia kwamba mvua yaweza kunyesha milimani mbali, asikokuona mtu wala kusikia radi, na korongo likajaa usiku watu wakiwa usingizini. Basi hema zikapigwa juu ya ukingo, mbali na mikoma pia, kwa maana matunda yake ni magumu kama mawe na huanguka bila ya kubisha hodi.

Kosa la pili likawa la chai. Maji ya kunywa yalikuwa yameletwa kwa madebe kutoka mbali, na karani, akidhani anaweka akiba, akachota maji ya mto. Alisema kwamba hata kuni zitapungua, kwa kuwa maji yamekwisha kupata moto. Chai ikaiva upesi kweli, lakini ilikuwa na chumvi, hata dereva, ambaye hachagui chakula, akaimwaga. Hapo madebe yakaanza kuheshimiwa.

Walioga chini ya maporomoko, baada ya kumwuliza mwenyeji wao mahali pa wanaume, kama ipasavyo. Mtu aliyekaa garini siku nzima, akasimama katika maji hayo yenye uvuguvugu, huhisi uchovu ukimtoka mifupani. Usiku joto halikutoka na jua. Waliziacha hema wakalala nje juu ya mikeka ya majani ya mkoma, waliyoinunua kwa wanawake wa hapo ambao hufuma kwa ustadi mkubwa. Mzee hakutaka mto wa pamba. Aliweka kichwa juu ya kigoda chake kidogo cha mbao, ambacho Waturkana huita ekicholong.

Karani alikuwa bado anasoma kwa taa. Mzee akamwambia, "Kijana, izime. Taa ni ya mtu mwenye ukuta."

Karani akauliza kama ni simba. Mzee akasema kwamba simba angalau hajui bunduki.

Ndipo walipoeleza wenyewe kwa wenyewe mambo ambayo mchana hakuna aliyetaka kuyataja. Waturkana na Wapokot, kila upande hudai kwamba Kapedo ni yake, na tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013 shauri la mpaka limezidi kuwa zito. Wizi wa mifugo, ambao zamani ulifanywa kwa mikuki, sasa hufanywa kwa bunduki. Mwishoni mwa Oktoba 2014 askari polisi wapatao 20 waliviziwa wakauawa karibu na Kapedo, na watu wengi wakayakimbia makao yao. Januari 2021 ofisa mmoja wa polisi aliuawa huko, na msako mkubwa ukafuata. Maduka hufungwa, magari husimama, na mgonjwa hukosa njia ya kufika kwa daktari.

Mzee alinyosha mkono kuelekea gizani. "Ng'ambo ile," akasema, "nilichunga mbuzi utotoni pamoja na watoto wa Kipokot. Tulikuwa tukila makoma pamoja na kuoga pamoja. Najua majina yao mpaka leo. Mjukuu wangu hajui hata jina la mmoja wao."

Hakuna aliyemjibu. Karani akaizima taa, na sauti iliyobaki ikawa ya maji tu.

Kulipopambazuka mbuzi waliteremka mtoni, na baada yao wanawake wenye nguo za kufua. Siku hiyo palikuwa na amani, na kila mtu alifanya kazi yake haraka, kama mtu autumiaye mwezi kabla haujatua. Karani alipotoa fedha za kumshukuru mzee, mzee alipokea nusu, akasema nyingine wawaletee wanawake kwa kununua mikeka zaidi, maana wageni hawaji mara nyingi.

Mtu apendaye kwenda Kapedo asikatazwe, kwani nchini mwetu mahali kama hapo ni pachache. Ila na achukue maji yake ya kunywa, asilale korongoni, na kabla ya kupita Marigat au kutoka Lodwar aulize habari za njia. Akiambiwa angoje, na angoje. Yule karani mdogo, alipokuwa akipanda garini, ndiye aliyemwuliza mzee kama wataweza kurudi mwaka ujao. Mzee akajibu, "Waulizeni wa ng'ambo pia."