Saiti ya Nyuma

Kipindi kilichopita nilitaja kwa haraka tu kwamba Jumamosi huwa niko renji, napiga shabaha. Basi meseji zikamiminika kuliko za mada yenyewe! Wengi mliuliza: dada, wazazi wako wanajua? Wanajua. Ila jibu ni refu kidogo.

Mimi ni mfamasia hapa Houston, umri 36. Nilianza na rivolva ya kukodi, Smith & Wesson Model 10, ukoo ulioanza mwaka 1899. Saiti yake ya nyuma ni mfereji tu uliochongwa juu ya fremu. (Mama aliposikia "saiti" akadhani nimeanza kujenga.) Mfereji ule hausogei. Kwa polisi ulifaa sana, maana hauna cha kunasa kwenye nguo wala cha kulegea. Lakini risasi nzito na nyepesi hazipigi mahali pamoja, kwa hiyo ukibadilisha risasi unabaki kukisia: lenga juu kidogo, lenga chini kidogo.

Baadaye nikanunua 686, mtutu inchi sita. Hii saiti yake ya nyuma ni kibati chenye pengo la mraba na skrubu mbili, moja ya kushoto na kulia, moja ya juu na chini. Kanuni ni rahisi: isogeze upande unaotaka risasi iende. Zinapiga kushoto? Sogeza kulia. Yangu ilikuja na mstari mweupe kuzunguka pengo, nikampa fundi aniwekee nyeusi tupu. Ule weupe ulikuwa unanivuta jicho nyuma, na jicho linatakiwa likae kwenye saiti ya mbele. Huwezi kuona vitu vitatu vizuri kwa wakati mmoja. Ya mbele iwe kali, ya nyuma na karatasi ya shabaha ziwe na ukungu.

Sasa Baba. Mzee wangu ni mtu wa Tanga, alipita JKT, bunduki si kitu kigeni kwake. Alipojua, hakuongea na mimi wiki tatu. Alipoongea alisema, "Mama, wewe ni mweusi. Polisi akikusimamisha hataona mchezo. Ataona bastola." Sikuwa na jibu, na kusema kweli mpaka leo sina. Inakaa tupu, ndani ya boksi lenye kufuli, kwenye buti. Hata hivyo siku za renji naendesha gari kama mwanafunzi wa udereva.

Kwa miaka minne alikataa kuja kuona. Desemba akasema, haya twende.

Nikampa risasi za .38 zenye pua bapa, zile zinazotoboa karatasi tundu safi la duara. Akalalamika saiti ya mbele haioni vizuri. Miwani ya kusomea inaona karibu mno, ya kuendeshea inaona mbali mno, na saiti iko katikati, urefu wa mkono. Akapiga sita. Karibu zote chini kushoto, zimetawanyika.

Nikachukua bisibisi. Nikawaza, nitampandishia kidogo, nisogeze kulia, afurahi.

"Acha," akasema. "Hiyo haina kosa. Ni mimi."

Na alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyesahau somo la kwanza kabisa. Tundu zikikusanyika pamoja lakini pembeni, rekebisha saiti. Zikitawanyika, rekebisha mpigaji. Ukigusa skrubu kabla ya kujua kosa ni la nani, unaharibu bastola nzima kwa ajili ya mkono mmoja.

Tukafanya lile zoezi la zamani: silinda ina vyumba sita, ukaweka risasi tatu tu, ukaizungusha, mpigaji asijue ipi tupu. Nyundo ikagonga patupu, mtutu ukainama kama mtu anayesinzia kanisani. Baba akacheka mpaka machozi. Halafu akasema taratibu, "Naogopa kabla haijalia."

Nilitaka kusema kitu, nikakosa.

Kwenye gari akaniuliza nikisimamishwa na polisi nafanyaje. Nikamwonyesha: mikono juu ya usukani, nasema kabla sijagusa chochote. Akanirudisha mwanzo. Nikarudia mara tatu, tukiwa bado tumeegesha pale pale renji.

Hajawahi kuniambia anakubali, na nimeacha kumsubiri aseme. Ila kila Jumamosi ananipigia kabla sijatoka. Nikirudi, kabla hata sijavua viatu, simu inalia tena.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Umefika?"

"Nimefika."

"Haya," anasema, na anakata.