Usiku wa Hina Umeme Ulipokatika



Wengi wenu mnatusoma mkiwa visiwani. Sisi tuko bara, Kilambo, mkoani Mtwara; ukivuka Mto Ruvuma umeshaingia Msumbiji. Tupo wanawake watatu na jengo letu dogo la biashara: saluni, chumba cha magauni ya kukodisha, na ukumbi wa hina na singo. Msimu wetu ni korosho zikishauzwa. Pesa ikiingia majumbani, harusi zinafuatana.

Msimu mmoja tulimpokea bi harusi kutoka ng'ambo ya mto. Mkono wa kwanza umeshachorwa, wa pili ndiyo unaanza, umeme ukakatika. Jenereta ikanguruma kidogo, ikazima. Petroli imekwisha, na usiku ule hatukupata pa kununua. Feni zimesimama, kina mama wamejaa, jasho linamtiririka bi harusi mpaka hina ikachuruzika. Tulimalizia kwa tochi za simu. Asubuhi tukamrudishia mama yake nusu ya pesa. Hakuidai, lakini tulimuahidi ukumbi wenye mwanga na ubaridi, na ahadi ni deni.

Jirani zetu wa Mnazi Bay wana gesi iliyogunduliwa tangu 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilizinduliwa 2015. Lakini gesi kuwa karibu hakukuzuii kukaa gizani nguzo ikianguka. Tukaamua kununua sola.

Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Bei ya mtambo tuliotaka ilitushinda. Akatokea mkopeshaji, pesa tayari kesho yake, kwa riba. Tusiwafiche, tulibishana siku mbili. Mmoja wetu alisema msimu hausubiri. Mwingine akasema, tutampambaje bi harusi wa watu kwa pesa tunayoogopa kuiombea baraka?

Fundi wa sola ndiye aliyetutoa kwenye ubishi, bila kujua. Kabla ya kutaja bei aliuliza: "Mama zangu, mnawasha nini, na kwa saa ngapi?" Tukahesabu naye. Taa kumi ndefu za wati 36, jumla wati 360. Feni nne za wati 75, jumla wati 300. Kwa saa sita za usiku ni karibu yuniti 4. Akatuambia tubadilishe kwanza: taa za LED za wati 9, na feni za kisasa zenye mota ndogo ya wati 30. Jumla ikawa wati 210, na kwa saa zile zile sita ni yuniti 1.26. Betri tuliyohitaji ikashuka hadi kama theluthi moja, na bei ikashuka nayo.

Tulinyamaza. Miaka yote tunafundishwa israfu kwenye maji ya udhu na sinia la pilau, kumbe tulikuwa nayo ukutani, inazunguka juu ya vichwa vyetu.

Kisha akatazama juu. Bati tupu, jua la saa saba linashuka moja kwa moja. Tukaweka dari, tukapaka bati rangi nyeupe, tukafungua matundu juu ya kuta ili joto litoke. Bibi zetu kwenye nyumba za makuti walilijua hilo bila fundi.

Pesa tulipata kwa mchezo wa wanawake kumi. Wenzetu walikubali tupokee mapema. Tukachukua betri ya lithiamu. Ni ghali kuliko ile ya maji, lakini inadumu zaidi, na ile ya maji ukiizoesha kuishusha chini ya nusu inakufa upesi. Pasi na mashine za kukaushia nywele hatuziweki kwenye betri kabisa, zinakula mno. Magauni tunapiga pasi mchana, jua likiwa kali. Siku za mawingu ya masika tunabana matumizi, na umeme wa LUKU bado tunao.

Wewe unayetafuta ukumbi, kabla ya kutoa kishika nafasi uliza haya:

- Umeme ukikatika, nini kitaendelea kuwaka, na kwa saa ngapi?
- Nendeni saa nane mchana. Kuna joto kiasi gani feni zikiwa zimezimwa?
- Kama ni jenereta, petroli ni juu ya nani, na moshi unaelekea wapi?

Nawe mwenye saluni au duka, anza na hesabu, paneli zifuate. Pengine unachohitaji ni kidogo kuliko mkopo unaokunyima usingizi.

Msimu uliofuata umeme ulikatika tena usiku wa hina. Feni ziliendelea kuzunguka. Wageni hawakujua. Sisi watatu tulitazamana tu, tukasema alhamdulillah.

Allah azitie nuru nyumba zenu na ndoa zenu, na atujaalie riziki ya halali. Aamin.