Mchaichai, sufuria na muhogo wa mama

Najua nimepotea, BTP ilinibana. Leo sina umbea wa hosteli, nina kesi na mama.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Muheza kichwa kimejaa kemia. Nikamwambia mama aachane na muhogo, apande mchaichai, tupate mafuta ya kuuza. Si akaamini, mwalimu mtarajiwa kasema! Aling'oa robo eka.

Mchaichai wenyewe hauna maringo. Unagawa shina, unachomeka vichipukizi mvua zikianza, baada ya miezi minne mpaka sita unakata na unachipua tena. Kazi iko kwenye mafuta.

Nilivyorudi tukajaribu. Majani kilo mbili niliyanyausha kivulini, nikayatia kwenye sufuria na maji. Katikati jiwe, juu yake bakuli, mfuniko nikaugeuza chini juu na kuumwagia maji ya baridi, ili mvuke ugande udondokee bakulini. Kuni ziliteketea nusu mzigo. Harufu ya limau ikajaa mtaa mzima, majirani wanauliza tumepika nini. Kufungua bakuli: maji, na juu yake utando mwembamba wa manjano, hata kijiko cha chai haujai. Mama akainama, akatazama weee.

"Mwanangu, mafuta ndo haya au mengine yanakuja?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Hesabu nimekuja kuifanya huku chuo, wakati ilitakiwa itangulie. Kilo 100 za majani mabichi hutoa kama gramu 200 mpaka 500 za mafuta, tena kwa mtambo wa mvuke wa maana. Na mnunuzi niliyempata kwa simu anataka mafuta tu, kwa madumu. Majani hataki hata kuyasikia. Swali hilo lingekuja kwenye mtihani ningepata A, yaani inauma!

Jana nikampigia. Shikamoo, marahaba, akaniambia mchaichai umefunga shamba, unamkata mikono, anauza mafungu kwa mama ntilie wa stendi kwa ajili ya chai. Nikaanza kumweleza mambo ya mtambo, akanikatiza.

"Sasa huku kulikobaki ning'oe lini?"

Nikamwambia asing'oe kitu. Kimya.

"Kwa hiyo na kule nirudishie muhogo?"

Nikasema salio linaisha, ntakupigia usiku. Sijapiga mpaka sasa. Bumu likitoka namtumia hela ya vibarua wa kupanda muhogo, halafu ndo nitaongea vizuri.