Mpe Dereva Kisogo

Wahenga walituusia kwamba haraka haraka haina baraka. Mpwa wangu hakuungoja wasia huo. Alizaliwa mwezi Mei 2023, katika wiki ya 31 ya ujauzito wa dada yangu, ilhali mtoto azaliwaye kabla ya wiki ya 37 huhesabiwa kuwa hajatimia. Alikuwa na uzani wa gramu 1,500. Ndugu zetu Watanzania humwita mtoto wa namna hiyo njiti, na nilipomwona kwa mara ya kwanza katika hospitali moja mjini Mombasa, nilielewa ni kwa nini neno hilo likateuliwa.

Kwa muda wa wiki sita dada alimtunza mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa utaratibu uitwao matunzo ya kangaruu. Utaratibu huu ulianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mahali ambapo mashine za kuwapasha watoto joto hazikutosha. Kifua cha mama kikawa ndicho mashine. Kwa hivyo, tulipoarifiwa kwamba mtoto amefikisha gramu 2,050 na kwamba angeruhusiwa kurejea nyumbani Kilifi, safari ya takriban kilomita 60, hatukujiuliza angekaa wapi garini. Angekaa pale pale alipopazoea.

"La," muuguzi alisema. "Ndani ya gari, kifua cha mama si mahali salama."

Mama yangu alishtuka. "Mwanangu, wiki sita mwatwambia kifuani ndiko, leo mwasema siko?"

Muuguzi alimjibu kwa hesabu. Gari liendalo kasi ya kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo mbili huchupa mbele kwa nguvu ya mzigo wa kilo 28 hivi. Hakuna mikono iwezayo kuuzuia mzigo huo kwa ghafla, hata iwe na mapenzi kiasi gani. Na endapo mama na mtoto watafungwa kwa mkanda mmoja, uzito wa mama ndio utakaomkandamiza mtoto kwenye mkanda. Tulitakiwa tutafute kiti cha gari cha watoto wachanga na kukileta wodini kabla ya siku ya safari.

Jirani alituazima. Muuguzi alisoma kibandiko na kuridhika kwamba kiti kile kilikubali mtoto wa kuanzia kilo 1.8, kisha akauliza iwapo kiliwahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali. Hakikuwahi. Mimi, kwa huruma za mjomba, nilikuwa nimeikunja leso nzito na kuitandika nyuma ya mgongo wa mtoto ili astarehe. Mtoto alifungwa humo, akavikwa guuni kifaa cha kupimia oksijeni. Hazikupita dakika nyingi kidevu kikateleza hadi kifuani na tarakimu zikaanza kushuka: 96, 91, 87. Muuguzi alimwinua upesi, akaitoa leso yangu. Alitueleza kwamba kichwa cha njiti ni kizito kuliko shingo yake, na koo lake ni jembamba mno. Kichwa kikiinama mbele, njia ya hewa hujikunja, naye hana nguvu za kujiinua wala sauti ya kulalama. Alikilaza kiti zaidi, akaviringisha vitambaa viwili na kuviweka ubavuni, kimoja kila upande, na kingine kidogo kati ya mapaja na mkanda ili mtoto asiteleze. Mgongoni hakuweka kitu. Tulikaa tukiikodolea macho mashine kwa dakika 90. Tarakimu hazikushuka tena.

Kisha tulikabidhiwa karatasi ya maagizo. Ilikuwa ya Kiingereza. Macho yote yalinielekea mimi, msomi wa fasihi ya Kiswahili, nami nikatunisha kifua na kuanza kufasiri. Nilipofika kwenye agizo muhimu kuliko yote nilisema, "Kiti kiwe cha kutazama nyuma."

"Nimefahamu," Mama alisema. "Kiti cha nyuma."

Niliitikia kwa kichwa. Sikuligundua kosa.

Asubuhi ya safari, dereva wa teksi na Mama walikifunga kiti kwa ustadi katika kiti cha nyuma cha gari, mtoto akitazama mbele kama abiria wengine. Muuguzi aliyetusindikiza alichungulia dirishani, akasita. "Mbona anatazama mbele?"

"Si mulisema kiti cha nyuma?" Mama aliuliza.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilitoa maelezo marefu yenye istilahi tele, na dereva akazidi kukunja uso. Muuguzi aliinua mikono, akaonyesha: gari likigonga mbele, mtoto aliyetazama nyuma hupokewa na kiti kizima, kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Anayetazama mbele huachiwa shingo peke yake ikizuie kichwa.

"Ah!" Mama alisema. "Kumbe mwataka ampe dereva kisogo! Mbona hamukusema?"

Dereva alicheka, akakigeuza kiti mara moja. Dada aliketi kando ya mwanawe, akajifunga mkanda, na hadi Kilifi hakuyabandua macho kwenye kidevu kile. Njiani tulisimama mara mbili ili mtoto atolewe na kunyooshwa. Tulipofika, hatukumwacha aendelee kulala kitini. Alirudi kifuani.

Wanakiswahili wenzangu, nasimulia haya kwa fedheha yenye faida. Tunaweza kuhakiki riwaya nzima na bado tukashindwa kumweleza mama agizo moja linalobeba uhai. Najua pia kwamba tafsiri pekee haimpi mtu kiti. Kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004 zilileta mikanda katika matatu zetu, lakini mkanda ule ulikatwa kwa kipimo cha mtu mzima, na akina mama wengi hutoka wodini wakaelekea stejini moja kwa moja na njiti mikononi. Hilo linahitaji sauti nyingine pamoja na zetu. Lililo letu ni lugha.

Wiki mbili baadaye nilirudi wodini, tukaketi na muuguzi na kuyaandika maagizo yale upya kwa Kiswahili. Kabla ya kuyabandika ukutani nilimsomea Mama kila sentensi kwa simu. Zile asizozielewa nilizifuta. Sentensi ya kwanza ni yake, nami sikuibadilisha hata neno.